Weissensee, Austria: ziwa la Alpi lisilo na barabara ya kulizunguka. Tulikaa siku 8, karibuni niwasimulie

MwanaUkerewe (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila mwaka ikikaribia Pasaka naliona swali lile lile humu: "Niko Ulaya, nataka kuipeleka familia kwenye ziwa la milimani, niende wapi?" Na majibu hayabadiliki: Hallstatt (Austria), Königssee (Ujerumani), Braies (Italia). Sisemi ni majibu mabaya. Ila kuna ziwa jingine, na baada ya kukaa pale siku 8 na mke wangu na watoto wetu 2 mwanzoni mwa Septemba, nimeona nikinyamaza nitakuwa nimewanyima wenzangu kitu kizuri.

Linaitwa Weissensee, maana yake Ziwa Jeupe. Liko jimbo la Kärnten, kusini mwa Austria.

Lakini nianzie Hallstatt, maana bila Hallstatt nisingelitafuta hili. Tulikwenda mwaka juzi, Agosti. Kijiji kina watu 700 na kitu, na siku za msimu wageni wanafika hadi 10,000 kwa siku moja. Tulishuka kwenye boti tukaingia kwenye msururu wa watu wanaotembea bega kwa bega, na hatukutoka kwenye msururu huo mpaka tulipopanda boti ya kurudi. Kilichoniuma ni mama mmoja mzee aliyekuwa anamenya viazi jikoni kwake, dirisha wazi kwa sababu ya joto. Mtu akapenyeza simu dirishani akapiga picha. Yule mama hakusema neno. Akaweka kisu chini, akafunga dirisha, akavuta pazia. Mwaka 2023 wanakijiji walisimamisha ukuta wa mbao pale watu wanapojipigia picha, wakaziba mandhari yote, kisha ukaondolewa kwa kelele zilizopigwa mitandaoni. Mimi siwalaumu hata kidogo.

Njiani kurudi Munich, Ujerumani, mke wangu akaniambia, "Wewe umezaliwa kisiwani. Tafuta ziwa ambalo watu wake bado wanaacha madirisha wazi." Basi nikatafuta.

Sasa Weissensee. Lina urefu wa kilomita 11 na nusu hivi, lakini ni jembamba, penye upana mkubwa halifiki hata kilomita moja. Eneo lake ni kilomita za mraba 6.5. Kina kinafika karibu mita 99 upande wa mashariki. Liko mita 930 juu ya usawa wa bahari. Hapo watu wa kanda ya ziwa mnaweza kushangaa, maana Ziwa Victoria letu liko mita 1,134, kwa hiyo sisi ndio tunaokaa juu. Tofauti ni milima inayolibana: kaskazini safu ya Latschur inayopita mita 2,200, kusini milima mingine ya Gailtal, yote misitu mpaka majini.

Jambo kubwa ni hili: hakuna barabara ya kulizunguka. Barabara inatoka bonde la mto Drau pale Greifenburg, inapanda kona kwa kona, inavuka kilima cha Kreuzberg, inashuka upande wa magharibi na kuishia kwenye vijiji vya Techendorf, Gatschach, Neusach na vingine vidogo. Upande wa mashariki kuna barabara nyingine kabisa inayokuja kutoka bonde jingine. Hizo mbili hazikutani. Ukitaka kwenda kwa gari kutoka ncha moja hadi nyingine inabidi ushuke bondeni uzunguke zaidi ya kilomita 50, wakati kwa meli ni safari ya kukaa benchi na kula tufaha. Theluthi mbili za ufuko hazina nyumba wala lami. Ni msitu, mawe, na njia ya miguu.

Na boti za injini za mafuta za watu binafsi haziruhusiwi. Kuna meli ndogo chache za abiria zenye ratiba, basi. Wengine karibu wote ni makasia, pedali, au mikono na miguu yako.

Nitaendelea na safari yenyewe, naandika kwa simu, vumilieni.

---

MwanaUkerewe

SAFARI. Sisi hatuna gari. Tulipanda treni Munich asubuhi, ikapita Salzburg, ikaingia handaki refu la Tauern lililofunguliwa 1909, ukitoka upande wa pili uko Kärnten na hewa imebadilika. Tukashuka Spittal-Millstättersee, tukabadilisha treni ya mkoa inayoelekea Lienz, tukashuka kituo kinachoitwa Greifenburg-Weißensee. Jina lisikudanganye, ziwa halipo hapo. Liko juu, nyuma ya mlima. Mwenye nyumba alikuwa ametupangia basi dogo la kutupandisha. Agizeni usafiri huo mapema, maana ukifika jioni bila kuagiza utakaa na mabegi kituoni.

Tulifikia shambani, kwa familia inayofuga ng'ombe na kupangisha vyumba vya kujipikia. Nikiwapa ushauri mmoja tu wa malazi ni huu: ulizeni kama nyumba ina mahali pake pa kuingilia majini. Kwenye maziwa ya Austria sehemu kubwa ya ufuko uliojengwa ni mali ya watu na hoteli, na mgeni asiyejua anaweza kulizunguka ziwa zima bila kupata pa kuoga ila ufuko wa kulipia. Familia yetu ilikuwa na kijigati cha mbao hatua 200 kutoka mlangoni.

MAJI. Hapa nitakaa kidogo.

Wale mliokulia ziwani mnajua tulivyolelewa. Mama yangu alitupiga marufuku kusimama majini mchana kwa sababu ya kichocho. Penye matete hatukusogea kwa ajili ya mamba na viboko. Maji ya kunywa yalichemshwa, yakachujwa kwa kitambaa, yakawekwa kwenye mtungi. Mimi napenda ziwa kuliko kitu chochote duniani, lakini nimelipenda siku zote kwa tahadhari.

Asubuhi ya kwanza nikashuka kijigatini peke yangu, saa 12 na nusu, ukungu umelala juu ya maji kama moshi wa jiko la kuni. Nikapiga magoti. Karibu na ufuko chini ni kweupe kabisa. Ni chokaa inayotuama kwenye maji ya kina kifupi, na ndiyo iliyolipa ziwa jina. Kwa hiyo mwambaoni maji yana rangi ya kijani cha maziwa, halafu hatua chache mbele ufuko unakatika ghafla, unaona mstari kabisa, na kutoka hapo ni buluu nzito isiyo na mwisho. Kwenye ule weupe niliona kivuli cha samaki kabla ya kumwona samaki mwenyewe. Alikuwa amesimama, mapezi yanacheza kidogo tu. Jiwe lililokuwa chini yake ningeweza kuhesabu mikwaruzo yake.

Nyuma yangu mwenye nyumba, mzee wa miaka 70 hivi, akapita na ndoo. Akaniona. Akashuka, akachota maji ya ziwa kwa viganja viwili, akanywa, akajifuta mdomo, akanionyesha kwa kichwa: na wewe. Nikanywa. Nimezaliwa kisiwani na sikuwahi kunywa maji ya ziwa moja kwa moja mpaka nikafika umri wa miaka 43, Austria.

Nilikaa pale mpaka jua likapanda.

---

Binti_Tengeru

MwanaUkerewe umeniliza asubuhi hii kaka. Nafuatilia. Niko Graz nasoma, mdogo wangu anakuja kunitembelea mwakani na sikujua nimpeleke wapi. Maswali: maji ni ya baridi kiasi gani? Na gharama zikoje kwa mwanafunzi?

---

Mkongwe_Dodoma

Uzi mzuri sana mkuu, umeandika kwa moyo. Tupia picha basi tulione hilo ziwa.

---

MwanaUkerewe

Mkongwe, shikamoo. Picha ninazo za watoto tu na hao siwaweki mtandaoni, nisamehe. Nitakueleza kwa maneno mpaka ulione.

Binti_Tengeru, joto la maji kiangazi linafika hata nyuzi 24, jambo lisilo la kawaida kwa ziwa la urefu ule. Sababu ninayoijua ni kwamba hakuna mto mkubwa wa maji ya barafu unaoingia. Linalishwa na vijito vidogo na chemchemi, na maji yanakaa humo muda mrefu. Sisi Septemba tulikuta yamepoa, unaingia kwa kukaza meno, lakini watoto hawakutoka majini.

Gharama: mwezi wa 7 na wa 8 ni ghali na kumejaa, kwa viwango vyao. Kwa anayeishi Bavaria, jimbo la Munich, kuna nafasi nzuri sana watu hawaitazami. Shule za Vienna zinafunguliwa mwanzoni mwa Septemba, zetu za Bavaria bado zimefungwa mpaka katikati ya mwezi. Wiki ile moja Waaustria wengi wenye watoto wamesharudi makwao, na wewe bado uko likizo. Wewe mwanafunzi ni rahisi zaidi, vyuo vinafunguliwa Oktoba. Chumba cha kujipikia, vyakula ununue Spittal kabla ya kupanda, maana dukani kule juu bei si ya bondeni. Kuna kodi ndogo ya mgeni kwa kila usiku inayoongezwa kwenye hesabu, msishtuke mkiiona.

---

Wanjiru_Zurich

Habari zenu. Mimi niko Uswisi miaka tisa na ninaunga mkono mia kwa mia. Mnakijua Iseltwald kwenye ziwa la Brienz? Kijiji kidogo kabisa. Tamthilia ya Korea ikapigwa picha kwenye gati lao, watu wakaanza kuja kwa mabasi kutoka kila pembe ya dunia, mpaka 2023 kijiji kikaweka kizuizi na kutoza faranga 5 kwa anayetaka kusimama pale gatini. Faranga 5 kusimama juu ya mbao! Na kule Braies, Italia, kiangazi mchana huwezi kuingia na gari bila kuweka nafasi mapema.

Lakini nina swali la dhati kwa MwanaUkerewe, na usinielewe vibaya. Kama unalipenda hivyo, kwa nini umeliandika hapa? Iseltwald ilianza kwa mtu mmoja kuonyesha.

---

MwanaUkerewe

Dada Wanjiru, swali hilo nililala nalo siku mbili kabla ya kufungua uzi.

Vijiji vile vya Weissensee kwa jumla vina wakazi 700 na kitu, karibu sawasawa na Hallstatt. Fikirieni hapo. Idadi ile ile ya watu, nchi ile ile, ziwa na ziwa. Hallstatt mabasi yanafika, yanamwaga watu, yanawachukua baada ya saa chache. Weissensee barabara inaishia kijijini na mbele yake kuna njia ya miguu. Mtu wa saa chache hana cha kufanya pale. Ataona maji, atageuza gari. Ziwa lenyewe limejificha kwenye ile sehemu ndefu ya mashariki ambayo haifikiki bila kutembea au kungoja meli.

Mwenye nyumba wetu alinieleza jioni moja. Katika miaka ya 1960 maziwa makubwa ya Kärnten yalikuwa yameanza kuchafuka kwa majitaka ya hoteli, Wörthersee likajaa mwani, ikabidi yajengwe mabomba ya kuyazunguka maziwa kuchukua uchafu. Yeye alikuwa kijana. Anasema wazee wake waliona ya wenzao wakaogopa. Waliokuwa na mashamba ufukweni wangeweza kuuza na kutajirika. Wakabaki na ng'ombe na vyumba vichache vya wageni. Mwaka 1995 wakapewa tuzo ya Ulaya ya utalii na mazingira, na tangu 2006 eneo lote ni hifadhi ya mazingira. Lakini tuzo imekuja baadaye. Kilichotangulia ni watu kukataa.

Kwa hiyo ninawaandikia ninyi mnaoweza kukaa wiki. Mgeni wa wiki anajulikana jina, analipa kodi ya mgeni, ananunua maziwa kwa jirani. Huyo hawamchoki. Nakuombeni tu, mkienda, msiweke alama ya ramani kwenye picha zenu. Hilo naliomba kwa dhati.

---

Nahodha_Musoma

Mimi nitasema tofauti kidogo. Nimesoma yote na nimependa. Lakini hilo la kupiga marufuku injini, wenzetu wanaweza kwa sababu wanaishi kwa wageni. Mimi baba yangu na mimi mwenyewe tunaishi kwa injini ya mtumbwi. Ukiniambia ziwa zuri ni lisilo na injini, unaniambia ziwa zuri ni lisilo na mimi.

---

MwanaUkerewe

Nahodha, umesema kweli na ninaipokea. Baba yangu alivua kwa makasia na tanga mpaka mwaka aliponunua injini yake ya kwanza ya kuning'iniza nyuma, na siku hiyo nyumbani tulichinja. Ziwa Victoria ni kilomita za mraba 68,000 na zaidi. Hili la kwao ni 6.5. Kwenye ziwa la ukubwa huo injini 50 zingekuwa kelele na mafuta kila mahali, na hakuna anayekwenda nayo sokoni. Sikuandika ili tuige. Niliandika kwa sababu nilitaka mjue ukimya ule unasikikaje: unamsikia mtu anazungumza ng'ambo ya pili, unasikia kasia likitoka majini na matone yakidondoka kabla halijaingia tena.

Kwa wavuvi: uvuvi upo, kwa kibali cha kulipia. Wana Seeforelle, aina ya trauti wa ziwani, wana Hecht mwenye meno kama sindano, na wana Reinanke, samaki wa fedha, mwembamba, nyama nyeupe laini. Wanamkausha kwa moshi. Nilipomfungua kwenye karatasi harufu ilinirudisha Nansio sokoni, moshi ule ule, ila kuni zake nyingine.

---

Rotterdam_Kigoma

Weissensee! Mimi nalijua kwa upande mwingine kabisa. Huku Uholanzi kuna mbio za kuteleza kwenye barafu, Elfstedentocht, kilomita 200 kupita miji 11 ya Friesland. Zinafanyika mwaka ambao mifereji imeganda vya kutosha, na mara ya mwisho ilikuwa 1997. Barafu haiji tena. Sasa tangu 1989 Waholanzi wanahamia Weissensee karibu kila majira ya baridi kwa mbio mbadala za kilomita 200 juu ya ziwa hilo, kwa sababu ziwa linaganda na wenyeji wanaisafisha barafu. Mfanyakazi mwenzangu, mtu wa miaka 58, anakwenda kila Januari. Anarudi ngozi ya pua imebabuka na furaha ya mwaka mzima. Anasema usiku barafu inalia, inatoa sauti ndefu kama nyaya zinazopigwa.

Kwa hiyo wanaotaka utulivu wa baridi waulize kwanza tarehe za Waholanzi.

---

MwanaUkerewe

Rotterdam_Kigoma ahsante sana kwa hilo. Mzee wa nyumba alitwambia kijiji kizima kinaongea Kiholanzi mwezi huo.

Naomba niwape sasa siku iliyonifundisha zaidi, siku ya tano.

Tulipanda meli Techendorf asubuhi. Hapo kuna daraja, penye wembamba kabisa. Kulia na kushoto matete, nyumba za mbao, ng'ombe. Baada ya kituo kimoja au viwili nyumba zinapungua. Ukipita Ronacherfels, mwamba wenye mgahawa, nyumba zinakwisha kabisa. Milima inasogea pande zote mbili, maji yanakuwa meusi-buluu, na watu melini wanaacha kuongea. Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Mwanangu wa miaka 6 akaniuliza kwa kunong'ona, "Baba, hapa ni nyumbani kwa nani?"

Tukashuka ncha ya mashariki, gati la Dolomitenblick. Tukala, watoto wakajenga boma la mawe, mke wangu akalala kwenye nyasi. Mimi niliisoma ratiba kwenye simu asubuhi nikaamini naikumbuka. Kumbe Septemba ratiba ilishabadilika, na meli ya mwisho inaondoka mapema kuliko ya kiangazi. Tulifika gatini tukaiona iko mbali, mgongo tu, na viwimbi vyake viwili vinakuja kugonga nguzo.

Barabara ya kurudi kando ya ziwa hakuna. Teksi ingezunguka mabonde mawili. Tukaamua kutembea njia ya ufuko wa kaskazini. Njia ni nyembamba, mizizi ya misonobari imevuka kila hatua, kuna mahali unapanda juu ya miamba na ziwa liko chini ya miguu yako. Mdogo nilimbeba mgongoni kwa khanga ya mama yake. Mkubwa, ana miaka 10, alitangulia mbele akituonya: "Mzizi! Jiwe! Tope!" Jua likazama nyuma ya milima lakini mwanga haukuisha, ulihamia kwenye maji. Ziwa lilikuwa na mwanga kuliko mbingu. Kwa karibu saa tatu tulikutana na watu wawili, mume na mke wazee wenye fimbo, wakatupa nusu ya mkate wao na chokoleti bila sisi kuomba.

Tulipoona taa za Neusach mkubwa wangu alikaa chini katikati ya njia, akasema hataki iishe.

---

Binti_Tengeru

Ya Rabi. Na chakula? Na waliwapokeaje ninyi kama familia ya Kiafrika kijijini? Nauliza kwa sababu hilo ndilo linalonifanya nikimbilie sehemu za watalii wengi, angalau kule hakuna anayekuangalia wewe peke yako.

---

MwanaUkerewe

Dada, swali la maana. Walituangalia, ndiyo. Siku ya kwanza dukani kila mtu aligeuka. Nikasema "Grüß Gott" kwa sauti, wakajibu wote kwa pamoja, na kuanzia hapo salamu ilitembea mbele yetu. Kule asiyesalimia njiani ndiye mgeni, kama kwetu tu. Siku ya tatu watoto walikuwa zizini wanaitwa kwa majina. Nisikudanganye kwamba hakuna ubaya popote, nimekutana nao miji mingine. Hapa, kwa siku 8, hatukukutana nao.

Chakula: mama mwenye nyumba alimfundisha mke wangu Kasnudeln. Ni chapati nyembamba ya unga wa ngano, katikati unaweka jibini laini iliyochanganywa na viazi na majani ya mnanaa, unakunja nusu mwezi, unachemsha, unamwagia siagi. Kazi iko ukingoni. Unafinya kwa kidole gumba, unakunja, unafinya, unakunja, mpaka ukingo unakuwa kama kamba iliyosokotwa. Yule mama alifinya moja kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Mke wangu ni mtu wa sambusa, mikono yake imezoea kufunga pembe, akafinya ya kwake ya kwanza ikatoka safi. Mama yule akaishika, akaigeuza mwangani, akaiweka juu ya zote kwenye sinia. Hawakuwa na lugha ya kutosha kati yao. Waliendelea mpaka zikafika 40.

---

Mkongwe_Dodoma

Marahaba mwanangu. Picha sasa sihitaji tena. Wajukuu wangu wako Stuttgart, nitawatumia uzi huu. Kwa sisi tulio nyumbani, viza vipi?

---

MwanaUkerewe

Mzee wangu, ni viza ya Schengen. Ada tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000 ni lazima. Kama usiku mwingi zaidi utalala Austria, maombi ni ya Austria hata kama unatua Ujerumani. Barua ya mwenyeji au uthibitisho wa malazi iwe na tarehe zote. Wajukuu wenye kibali cha kukaa Ujerumani hawahitaji viza nyingine, ila wabebe pasipoti pamoja na kadi ya kibali. Kurudi kutoka Salzburg polisi wa Ujerumani hupita kwenye treni kukagua.

---

Nahodha_Musoma

Mkuu, ile jibu lako la injini nimelisoma mara mbili. Tuko pamoja. Swali moja la mvuvi kwa mvuvi: kule chini mita 99 kuna samaki?

---

MwanaUkerewe

Chini kabisa hapana, Nahodha. Ziwa limefichwa na milima, upepo haulifikii vya kutosha, kwa hiyo maji ya juu na ya chini hayachanganyiki yote. Kule chini hewa ya oksijeni haifiki. Samaki wako juu.

---

Binti_Tengeru

Nimerudi kwenye uzi huu baada ya miezi kumi. Tulifika jana jioni na mdogo wangu, tuko Techendorf, chumba kina kijigati. Jambo la kwanza nimeupiga picha ubao wa ratiba ya meli pale gatini, ule wa mbao, sio wa kwenye simu. Mdogo wangu amepiga magoti ukingoni tangu saa 12 asubuhi na hataki kuongea na mtu. Namwacha. Nitaandika nikirudi Graz.